Marehemu Kwenye Kiti cha Mwenyekiti

Sehemu ya Kumi na Saba

Haya, sogeeni. Yupo mama mmoja wa Mafiga aliyempigia simu mhariri wiki hii akasema kwamba nikimfungia mlango tena usoni kama nilivyofanya Jumamosi iliyopita, atahamia gazeti jingine. Mama, punguza hasira, mlango naufungua.

Mlango wenyewe ni wa ofisi ya Mwembesongo Stars, pale chini ya jukwaa kuu la uwanja, mchana wa siku ya mechi ya mwisho ya msimu. Mkono ulioganda kwenye kitasa ulikuwa wa Eustace Kobelo, msemaji wa klabu. Na aliyekuwa amekaa ndani, kwenye kile kiti cha mwenyekiti kinachozunguka, akimenya chungwa kwa kisu kidogo na kuyatia maganda mfukoni, alikuwa Bibi Veronika wa Nyandira. Ndiye huyohuyo ambaye Eustace alimtangaza redioni Jumatano kwamba amefariki dunia.

Eustace akatafuta neno. Msimu mzima maneno yalikuwa yakimjia yenyewe, mengine hata kabla hajayahitaji. Leo likaja moja tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu bibi. "Kumbe marehemu naye anaamkiwa?"

Kwa msomaji aliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa vitumbua, nieleze upesi kabla mafuta hayajala maandishi. Stars walipanda ligi kuu msimu huu, na wachambuzi wote wa Dar walikubaliana kwamba wangeshuka mapema, tena kwa aibu. Wakaitwa Timu ya Mchicha, kwa kuwa kambini kwao mchicha ndio mboga ya mchana, na jioni wanabadilisha sufuria tu. Sasa Timu ya Mchicha iko nafasi ya nne, imebakiza mechi moja nyumbani, dhidi ya Ruvuma Rovers. Ikishinda inacheza Afrika. Inapanda ndege kabisa, watu wa Mwembesongo wale.

Timu iliyokuwa yatima mwanzo wa msimu sasa ina baba kila mtaa. Mwenyekiti Gervas, mwenye duka la mabati na misumari, anasema siri ni uongozi bora. Mheshimiwa mmoja anayeutaka ubunge anasema aliota haya yote. Kamati ya ufundi, wale mabwana wa hirizi ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakigusa mpira, wanakohoa na kusema kazi yao wanaijua wenyewe. Kocha Castory hasemi kitu. Mbinu yake ni moja tu, kona, na anaogopa wakubwa wakiigundua wataiundia kamati.

Kona inapigwa, Petro anaruka, Petro anafunga kwa kichwa. Ndiyo hadithi nzima ya msimu. Petro ndiye mshambuliaji wetu, kalelewa na bibi yake, huyuhuyu Veronika wa Nyandira, huko juu Mgeta, akabeba matenga ya karoti kichwani tangu utotoni, shingo ikakomaa. Mabeki wa ligi kuu wakigongana naye hewani wanaomba maji.

Jumanne Petro akatoweka kambini. Dalali mmoja mwenye viatu vyenye ncha alikuwa amemchukua kimyakimya kumpeleka Dar, akazungumze na klabu kubwa kuhusu msimu ujao. Mashabiki wakaanza kuuliza. Mwenyekiti akamwambia Eustace atafute la kusema kabla watu hawajaja ofisini na mawe.

Eustace alikwenda redioni akiwa amepanga kusema Petro anaumwa tumbo. Mtangazaji akamuuliza kwa sauti ya huruma mno, na huruma humtia Eustace kichaa. Akajisikia akisema kwamba kijana amefiwa na bibi yake mzaa mama, na kwamba milima ya Uluguru inalia. Milima haikuwa na habari.

Msimwone mjinga. Kabla ya Stars alikuwa pale stendi ya Msamvu akiuza makava ya simu kwa kipaza sauti cha betri, abiria wakimpita kama hayupo. Msimu huu mji mzima unaijua sauti yake. Madereva wa bajaji wanampigia honi. Mama yake kule Mwembesongo akisikia mwanawe yuko hewani anaongeza sauti ya redio mpaka jirani wanagonga ukuta. Nje ya maiki Eustace hana kitu, na yeye anajua. Uongo huu ukibainika leo, Jumatatu anarudi kwenye makava.

Sasa turudi ofisini, bibi keshamaliza chungwa.

Bibi Veronika alieleza mambo yake taratibu, huku akifuta kisu kwenye kanga. Alhamisi alfajiri alikwenda kanisani kama kawaida yake, akakaa benchi la mbele. Padri akasoma jina lake kwenye nia ya misa, akamwombea raha ya milele. Bibi naye akaitikia apumzike kwa amani pamoja na wenzake, akidhani ni Veronika mwingine wa kigango cha pili, akamsikitikia. Ilikuwa wakati wa kupeana amani ndipo padri aliposhuka, akamshika mkono na kupoteza fahamu kidogo.

Aliporudi nyumbani akakuta watani wamejaa uani.

Hapa wa pwani na wa bara wote wananielewa, lakini Waluguru wananielewa zaidi. Ukoo kwao ni wa mama. Bibi mzaa mama akifa, amekufa mwenye nyumba, na msiba wa namna hiyo hauendi bila watani wa ukoo. Mtani ndiye anayechimba kaburi, anayepika, anayemtukana marehemu kwa ubahili wake ili wafiwa wapate kucheka. Na watani wa Bibi Veronika walikuwa wamesikia redio. Walikuja na ngoma, majembe, na njaa.

"Nikawaambia sijafa," alisema bibi. "Wakaniambia nisiwaharibie msiba. Kaburi walishachimba, wamelikatisha tuta langu la vitunguu. Maharage yangu ya mbegu wameyapika. Mmoja kalala kitandani kwangu, anasema anakipasha moto. Mpaka leo wako pale, msiba ulishatangazwa, hawaondoki bila kuumaliza. Nimeshuka na lori la kabichi, namtafuta aliyeniua."

Eustace akafikiria haraka. Angeweza kusema aliyetangaza ni mtu mwingine, amefukuzwa, kahamia Singida. Akafungua kinywa.

"Usijisumbue," bibi akamwambia. "Sauti ni hiyohiyo."

Basi Eustace akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, suruali ya suti na yote, akaomba radhi. Bibi akamuuliza mama yake ni nani, na watu wake wa wapi. Eustace akamtaja mama, akautaja ukoo.

Bibi akaacha kufuta kisu. Akamtaka arudie. Eustace akarudia, na bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kiti cha mwenyekiti kikazunguka nusu na kumwelekeza ukutani, akacheka akiwa huko huko.

"Wewe ni mtani wangu," akasema alipogeuka. "Basi hujanikosea kitu. Umenitania. Mtani anaweza kuniua akitaka, ni haki yake. Inuka, suruali itachafuka."

Eustace akainuka akiwa mtu mpya. Kumbe jambo lenyewe ni la kifamilia. Akashusha pumzi, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu bibi alikuwa hajamaliza.

"Sasa zamu ni yangu," alisema. "Nitaichagua mwenyewe. Petro yuko wapi?"

Kabla Eustace hajajibu, mlango ukafunguka akaingia Mwenyekiti Gervas. Suti nyeusi, utepe mweusi begani, miwani myeusi, maana alikuwa ameamua kuomboleza mbele ya kamera. Alimwona mwanamke kwenye kiti chake, akataka kumfukuza. Eustace akamnong'oneza jina. Mwenyekiti akavua miwani, akafanya ishara ya msalaba, akatoka, halafu akakumbuka kwamba ofisi ni ya kwake, akarudi.

Bibi hakujali. Kilichomshughulisha ni fulana. Kwenye kona ya ofisi kulikuwa na mafurushi ya fulana nyeupe zilizochapwa maneno LALA SALAMA BIBI YETU, na katikati picha ya mwanamke mzee anayetabasamu. Bibi akainyoosha moja mbele ya macho.

"Huyu ni nani?"

Ikabidi mwenyekiti aseme. Ni mama mkwe wake. Ndiyo picha pekee ya mwanamke mzee aliyokuwa nayo kwenye simu. Mama mkwe yuko hai, Mafiga, na tangu jana hapokei salamu za mkwewe.

Mwenyekiti akamvuta Eustace nje kwenye korido, akarudisha mlango. Nilitegemea angemfukuza kazi palepale. Eustace naye alitegemea hivyo. Mwenyekiti alikuwa na habari nyingine kabisa.

Petro amerudi.

Alikuwa Dar, ameketi mezani na wakubwa, kalamu mkononi, aliposikia redioni kwamba bibi yake amefariki. Akaiweka kalamu chini akaondoka bila kuaga, dalali akimkimbilia na viatu vyake vya ncha mpaka kwenye lifti. Alipiga simu kwa mwenyekiti akilia, anataka kupitiliza mpaka Nyandira akamzike bibi yake. Na mwenyekiti, kwa ule uongozi bora wake, akamjibu kwamba wamechelewa, bibi alizikwa Alhamisi, mazishi yalikuwa mazuri sana, aje acheze kwa heshima yake.

"Yuko chumba cha kubadilishia nguo tangu asubuhi," Gervas alisema. "Kanyoa kichwa. Hali wala hasemi. Kocha anasema hajawahi kumwona amekaza macho namna ile. Eustace, huyu kijana leo atafunga mpaka nyavu zichanike."

Eustace akauliza, basi si wamwambie bibi yupo?

Mwenyekiti akamtazama kwa masikitiko, jinsi baba anavyomtazama mtoto aliyefeli hesabu. Akamweleza. Petro akijua bibi yu hai atajua tumemdanganya. Akijua tumemdanganya, hachezi. Asipocheza, kona zitapigwa na hakuna wa kuruka. Hakuna Afrika, hakuna ndege, na Mwembesongo nzima itataka kujua nani alianza kusema bibi amekufa. Nani alianza, Eustace?

"Nakuomba awe amekufa mpaka mpira uishe," alimalizia Gervas. "Mpira ukiisha nitamfufua mimi mwenyewe, kwa heshima zote."

Wakarudi ndani. Mwenyekiti akainama, akampa bibi pole ya safari, akamwambia mjukuu yuko njiani na chakula kiko tayari. Bibi akapelekwa stoo ya jezi, pazuri, pana kivuli, na Eufrazia mpishi wa timu akaletwa na sahani ya wali amhudumie. Walipokwisha kukaa, mwenyekiti akafunga mlango kwa nje, ufunguo akautia mfuko wa suti. Akampigapiga Eustace begani. Akamwambia saa kumi kasoro kuna kimya cha kumkumbuka marehemu, aandae maneno ya kuliza watu.

Wasomaji, Eustace hakwenda kuandaa maneno. Nampa haki yake. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kubadilishia nguo kumwambia Petro ukweli. Miguu yake ilikuwa jasiri kabisa.

Chumba kilikuwa kimya. Wachezaji wanavaa soksi kama watu wa kwaya kabla ya ibada ya mazishi. Kocha Castory akamzuia mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini asimguse Petro, lakini Petro alikwishamwona. Akanyanyuka. Kipara kile kipya kilimfanya aonekane mdogo, mvulana wa shule aliyenyolewa na mjomba wake. Akamshika Eustace mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka Eustace," alisema. "Niliondoka bila kumuaga. Nilimwambia niko kambini, kumbe niko Dar natafuta makubwa. Amekufa akijua niko kambini."

Haya, Eustace. Sasa ndio wakati, nilimwambia, sema. Akasema:

"Petro, sikiliza..."

"Wewe ndiye uliyeongea na watu wa nyumbani," Petro akamkatiza. "Niambie tu kitu kimoja. Alisema lolote? Kabla hajafa?"

Hapo mtu yeyote mwenye akili timamu angesema hajafa, yuko hapo nyuma ya ukuta anakula wali. Lakini macho ya wachezaji wote yalikuwa kwa Eustace, Petro alikuwa hajamwachia mkono, na ile huruma ikampanda kichwani kama siku ile redioni. Kinywa kikatangulia.

"Alisema ufunge."

Petro akaitikia kwa kichwa. Akarudi kukaa, akajifunika uso kwa jezi, mabega yakaanza kucheza. Beki wa kushoto naye akaanza kulia. Golikipa akafuata.

Eustace akatoka nje akaegemea ukuta. Alikuwa amedanganya msimu mzima, jamani, alishatangaza kwamba tuna majeruhi wakati hatuna, na kwamba tuna basi jipya wakati tunasukuma la zamani, na hakuna usingizi uliowahi kumpungua. Lakini sasa alijisikia mchafu. Alikuwa amemtia maneno mdomoni mwanamke aliyekuwa hai, akamwibia mjukuu wake huzuni, akaitumia kupiga kona. Ukuta ulikuwa wa baridi na mkono wake ulikuwa bado unahisi vile Petro alivyoushika.

Uwanja ulifurika. Watu walikuwa wameshuka kutoka Mgeta na Matombo, wamevuka kutoka Kilombero na viwandani, wengine wamepanda paa la vyoo. Wengi wamevaa fulana ya mama mkwe. Yule mheshimiwa wa ndoto alileta shada la maua lenye picha, na picha ilikuwa yake mwenyewe. Timu zikatoka zikajipanga katikati. Refa, mtu mwembamba mwenye haraka zake, akaitazama saa. Eustace akakabidhiwa maiki, mbele ya jukwaa kuu, na spika zote za uwanja zikanguruma alipoigusa.

"Ndugu zangu," akaanza.

Watu wakanyamaza. Wanaume wakavua kofia. Hata Rovers wakainamisha vichwa, vijana wa watu, wamelelewa vizuri. Eustace akaona kipara cha Petro katikati ya mstari, kinang'aa jua la jioni. Akaona mwenyekiti ameshavaa miwani yake ya msiba na anamtikisia kichwa: haya, walize.

"Ndugu zangu, Bibi Veronika hajafa. Nilidanganya. Nilisema redioni amefariki na haikuwa kweli. Yuko hapa uwanjani, mzima, amefungiwa stoo. Petro, mdogo wangu, hakusema ufunge. Hakusema lolote. Nisamehe."

Mtanisadiki nikiwaambia kilichofuata? Watu walicheka.

Kicheko kilianzia upande wa mashabiki wa kusimama, kikazunguka uwanja. Huyo ndiye Eustace wao. Alishawahi kuwaambia wapinzani kwamba golikipa wa Stars amevunjika miguu yote miwili. Kumbe leo anawachanganya Rovers. Wakampigia makofi, vuvuzela zikalia, mtu mmoja akapaza sauti kwamba mwamba anajua kucheza na akili za wageni. Mheshimiwa alicheka mpaka akaegemea shada lake. Na benchi la Rovers wakaanza kunong'onezana kwa wasiwasi, wakitafuta mtego uko wapi.

Eustace akarudia. Akaapa. Akaapa kwa mama yake. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. Ilimwingia polepole, pale mbele ya umati ule, kwamba hakuna hata mmoja anayemwamini, na kwamba hawajawahi kumwamini. Walikuwa wakimpenda tu. Machozi yakamtoka, na watu wakasema jamani huyu kijana ana kipaji.

Mmoja tu hakucheka. Petro alikuwa ametoka kwenye mstari, anakuja. Refa akamwita, hakusikia. Akafika mpaka mbele ya Eustace, uso umemsinyaa.

"Kaka," alisema, "nitanie siku nyingine. Leo hapana."

Hapo mkono mdogo, mkavu, ukapita kwapani mwa Eustace na kuichukua maiki.

Msiniulize ametokaje. Stoo ina funguo mbili, na wa pili anao Eufrazia, kwa kuwa ndiye anayefua jezi. Mwenyekiti hakuwahi kujiuliza jezi za klabu yake zinatakata vipi.

Petro alimwona bibi yake. Akakaa chini kwenye nyasi, akainuka, akamshika bega kwa vidole viwili tu, kama anayejaribu pasi kama ina moto. Bibi akampapasa kipara.

"Nani kakunyoa vibaya hivi," akamwambia, na spika zikaupelekea uwanja mzima. Bibi mwenyewe akashtuka kusikia sauti yake inatoka juu ya nguzo. Akaitazama maiki, akaisogeza mdomoni.

"Mimi ndiye marehemu," alisema.

Vicheko vikakatika. Kamati ya ufundi yote iliruka uzio wa nyuma, na mpaka naandika haijaonekana. Wengine walibaki wamesimama na vuvuzela mdomoni. Bibi hakuwa na haraka. Akamwambia Eustace kwamba maiki ameikamata kwa utani, hiyo ndiyo zamu yake, na hairudi leo. Kisha akamgeukia mwenyekiti, aliyekuwa anajaribu kujificha nyuma ya picha ya mheshimiwa.

"Nimeambiwa mjukuu wangu amefiwa," alisema bibi. "Kwetu mfiwa anakaa mkekani. Hachezi ngoma, hachezi mpira, mpaka watani waondoe msiba. Na watani bado wako kwangu, wanakula. Kwa hiyo kama nimekufa, huyu anakaa. Kama sijafa, anacheza, ila mtu mmoja hapa atawaeleza hawa watu ni nani alimwambia mtoto kwamba nimezikwa Alhamisi. Mwenyekiti, wewe una suti. Nimekufa au sijafa?"

Akamsogezea maiki.

Gervas akaitazama maiki. Akaitazama kamera. Akatazama jukwaa la waheshimiwa, ambako aliahidiwa kiti chake mwenyewe msimu ujao, na akatazama watu wa Mwembesongo waliojaa mpaka juu ya paa la vyoo, na mawe ya Mwembesongo anayajua. Akili ya uongozi bora ikafanya kazi yake. Petro atacheza tu, akawaza. Nani anaiacha Afrika kwa sababu ya bibi kizee?

"Bibi Veronika," akasema Mwenyekiti Gervas, mbele ya Bibi Veronika, "alizikwa Alhamisi. Huyu mama simfahamu."

Uwanja ukawa kimya, kimya kilekile kilichokuwa kwenye ratiba. Eustace, kijana wa watu asiye na maiki, akamtazama Petro. Hakuwa na la kusema, na safari hii hakulitafuta.

Petro hakugomba. Alivua jezi, ile nyekundu namba tisa, akaikung'uta, akaitandika kwenye nyasi za katikati ya uwanja, kwenye duara lenyewe. Akavua viatu. Akakaa juu yake, miguu ameikunja, kipara kimeinama.

"Basi nina msiba," akasema.

Kocha Castory akashika kichwa. Mwenyekiti akaanza kumwita Petro kwa majina ya mapenzi, kisha ya matusi. Eustace akawaza makava ya simu, akamwaza mama yake na redio yake, halafu akavua viatu naye. Mfiwa hakai peke yake mtani wake akiwepo. Akaenda akakaa kando yake, suti na yote.

Rovers, waliokuwa waanze, wakaweka mpira pembeni kidogo ya wafiwa, kwa adabu. Refa akaitazama saa yake, akawatazama wale wawili chini, akatia filimbi mdomoni.